Jinsi ya kulisha wageni 600 keki bila kuuza mtamba

Na MWANDISHI WETU

UKIKETI katika kamati ya harusi, utaona kuwa hakuna anayebishana sana kuhusu mchele. Bei ya gunia inajulikana. Nyama nayo haizui mjadala mrefu kwa sababu mara nyingi fahali yuko zizini akisubiri siku yake. Kikao huchemka pale mweka hazina anapofika kwenye mstari ulioandikwa 'keki'.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati kama hiyo mwaka wa 2023. Bwana harusi ni binamu yangu, na baba yake ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Bajeti ilipokataa kutoshea, mzee alisimama akasema yuko tayari kuuza mtamba wake aliyekuwa amebakisha majuma machache kuzaa. Waliokuwepo walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Mtamba anayekaribia kuzaa ni maziwa ya miaka mingi ijayo, na pengo tulilotaka kuziba lilikuwa karibu sawa na pesa tulizokuwa tumetengea keki pekee.

Tuliomba kikao kisogezwe kwa wiki moja ili tukachunguze mstari huo. Haya ndiyo tuliyojifunza. Bei nitakazotaja ni zile za kwetu wakati ule, kwa hivyo wewe msomaji weka za sokoni kwako. Hesabu yenyewe haibadiliki.

Mwokaji wa kwanza tuliyemwendea alitupa makadirio ya kilo 37 kwa Sh2,500 kila kilo. Kati ya hizo, kilo 25 zilikuwa za wageni na kilo 12 za keki sita nzima za kukabidhi wazazi wa pande zote mbili, nyanya na babu, mchungaji na wasimamizi wa harusi. Jumla ilikuwa Sh92,500. Zote zingepambwa kwa aisingi, zipangwe juu ya nguzo na ngazi, na katikati pawe na chemchemi ndogo ya maji yenye taa.

Wakati huo gharama ya kuoka ilikuwa imepanda kwelikweli. Mwaka wa 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano na ya mafuta ya kupikia, na Kenya hununua ngano yake nyingi kutoka nje licha ya mashamba ya Narok, Nakuru na Uasin Gishu. Kabla watu hawajapumua, mwaka wa 2023 miwa ikaadimika magharibi mwa nchi, usagaji ukasimamishwa kwa muda na bei ya sukari ikapaa. Kwa hivyo usimlaumu mwokaji kwa kila shilingi. Lakini unga na sukari havikuwa vimebeba mzigo wote wa zile Sh92,500.

Kilo ipi?

Jambo la kwanza la kuuliza ni dogo na wengi hulisahau. Mwokaji akisema 'keki ya kilo mbili', je, ni uzito wa keki iliyokwisha kuiva na kupambwa, au ni kilo mbili za unga alizotumia? Wapo wanaohesabu kwa njia ya kwanza na wapo wa njia ya pili, na tofauti yake si ya mchezo. Keki ya kawaida iliyochanganywa kwa vipimo sawa vya unga, sukari, majarini na mayai hutoa rojo lenye uzito wa karibu mara nne ya unga. Ikiingia kwenye tanuri hupoteza maji kiasi, na hutoka ikiwa pungufu kidogo. Hivyo kilo moja ya unga inaweza kukupa zaidi ya kilo tatu na nusu za keki.

Ukilinganisha bei za waokaji wawili bila kujua kila mmoja anamaanisha kilo gani, utamkimbia aliye rahisi na kumkumbatia aliye ghali. Uliza pia kama uzito huo ni pamoja na aisingi na kile kibao cha kuwekea keki. Aisingi ngumu ya kizamani ni sukari tupu iliyopigwa na ute wa mayai, na ina uzito wake.

Swali la pili ni ukubwa wa kipande. Katika vitabu vya waokaji, kipande cha harusi huwa na upana wa inchi moja, urefu wa inchi mbili na kimo cha inchi nne. Kipande hicho huwa na gramu 70 hivi, kwa hivyo kilo moja hutoa vipande 14. Wageni 600 watahitaji karibu kilo 43. Lakini angalia kile kinachopitishwa kwenye trei katika harusi zetu za mashambani, juu ya karatasi laini ya kupangusia mikono. Hakizidi gramu 40. Kwa kipimo hicho kilo moja hutoa vipande 25, na wageni 600 wanatoshwa na kilo 24. Mtu ambaye ametoka kula pilau, nyama na chapati haonji tofauti kubwa kati ya gramu 40 na 70. Tofauti iko mfukoni mwa anayelipa.

Keki ya macho na keki ya mdomo

Hapa ndipo tulipookoa pesa nyingi zaidi. Tuligundua kwamba keki ya harusi hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuonekana: iko mbele ya hema, inapigwa picha, bwana na bibi harusi wanaikata na kulishana. Ya pili ni kuliwa na umati. Mwokaji alikuwa akitutoza bei ya kazi ya kwanza kwa kilo zote 37, ilhali kazi hiyo inahitaji kilo chache tu.

Tukamwendea mwokaji mwingine, mama anayeokea nyumbani karibu na soko, tukamwomba atutengenezee keki moja ya orofa tatu yenye kilo tano, iliyopambwa vizuri, kwa ile bei ya Sh2,500. Hiyo ilikuwa Sh12,500. Kisha tukaagiza kilo 20 za keki za kawaida zilizookwa kwenye trei za mstatili, zikiwa na aisingi nyembamba juu au bila kabisa, kwa Sh1,000 kila kilo. Hizo zilikuwa Sh20,000. Keki za kukabidhi tulizipunguza kutoka sita za kilo mbili hadi nne za kilo moja, kwa Sh1,500 kila moja, yaani Sh6,000. Jumla ikawa Sh38,500. Tulikuwa tumeokoa Sh54,000, na bado tungeweza kutoa vipande 625.

Keki za trei hukatwa jikoni mapema, zikapangwa kwenye sinia na kufunikwa. Maharusi wakimaliza kukata ile ya mbele, inabebwa kwenda nyuma na masinia yanaanza kutoka. Mgeni hajui kipande chake kilitoka wapi, na kwa kweli hana haja ya kujua.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Orofa za chini wanazitengeneza kwa lile povu jeupe la plastiki ambalo hufungiwa redio mpya kwenye katoni, wanalipaka aisingi, na orofa ya juu pekee ndiyo keki halisi. Kuna wazee wanaoona huo ni ulaghai. Waambiwe tu kwamba hata Uingereza, ambako keki ya harusi ya orofa nyingi ilienea, watu walifanya hivyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia sukari ilikuwa ya mgao, na kuanzia Agosti 1940 serikali ilipiga marufuku kuweka aisingi juu ya keki za kuuza. Maharusi wakawa wanakodi kifuniko cha kadibodi kilichopambwa kama keki kubwa, na ndani yake wakaweka kijikeki chao kidogo. Picha zilitoka safi.

Hata hivyo, mimi binafsi sipendekezi povu kwa harusi ya kijijini. Watoto huja kuigusa, na siri ikifichuka ndiyo itakayozungumzwa badala ya harusi. Isitoshe, aisingi na kazi ya kupamba povu hulipiwa vilevile. Faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Mayai yako mwenyewe

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana kitu ambacho maharusi wa mjini hawana, nacho ni shamba. Kilo 20 za keki ya kawaida kwa vipimo sawa zinahitaji takriban kilo tano na nusu za unga, kilo tano na nusu za sukari, kiasi kama hicho cha majarini, na mayai 110 hivi. Hayo ni pungufu kidogo ya trei nne. Mfugaji mwenye kuku 100 wanaotaga vizuri, tuseme mayai 80 kwa siku, huyapata kwa siku moja na nusu.

Kwa hivyo zungumza na mwokaji mapema. Mwambie utaleta mayai, na maziwa iwapo anayatumia, kisha mkatane bei. Baadhi hukataa kwa sababu faida yao imo kwenye viungo, na hiyo ni haki yao. Wengine hukubali wakitoza kazi, mkaa au stima pekee. Mama yule alikubali mayai, akatupunguzia Sh1,600, yaani Sh400 kwa kila trei. Ukipeleka mayai ya kienyeji kumbuka kwamba mengi ni madogo, hivyo mwokaji ayapime kwa mizani badala ya kuhesabu. Yai lililopasuka libaki nyumbani.

Karoti na ndizi mbivu ni akiba nyingine. Keki yenye karoti zilizokunwa, au ndizi zilizoiva hadi ganda likawa na madoa meusi, huhitaji majarini na sukari kidogo kuliko ile ya sponji, na haikauki upesi. Ndizi za aina hiyo sokoni huuzwa kwa bei ya kutupa jioni. Keki inayookwa kwa mafuta ya maji badala ya siagi pia hubaki laini siku ya pili na ya tatu. Hilo ni muhimu, maana kilo 20 haziokwi asubuhi ya harusi. Oveni ya nyumbani inaingiza mikebe miwili kwa mara moja, na kila awamu huchukua karibu saa nzima. Ukiwa na mikebe 10 ya kilo mbili, hizo ni awamu tano, bila kuhesabu muda wa kuchanganya na wa kupoza. Harusi ikiwa Jumamosi, moto uwashwe Alhamisi.

Kuleta viungo kwa ajili ya keki si aibu hata kidogo. Mwaka wa 1947 Princess Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, nchi ilikuwa bado kwenye mgao wa chakula, na viungo vya keki yake rasmi vilitoka Australia kama zawadi ya wasichana wa Girl Guides. Keki hiyo ilikuwa na urefu wa futi tisa na uzito wa ratili 500, yaani zaidi ya kilo 220. Ikiwa binti wa mfalme aliletewa sukari, nani atakucheka wewe kwa kubeba trei nne za mayai?

Kuhusu keki ya matunda yaliyokaushwa, ile nyeusi nzito, wengi huogopa bei yake kwa kilo. Ni kweli iko juu. Lakini ni nzito na tamu sana, kwa hivyo hukatwa vipande vya inchi moja kwa inchi moja. Keki ya mraba ya inchi 12 inatoa vipande 144 vya namna hiyo, ilhali sponji ya ukubwa uleule, ikikatwa inchi moja kwa mbili, inatoa 72. Tena inaweza kuokwa wiki kadhaa kabla, jambo linalokupa nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Kwa familia isiyokuwa na haraka, piga hesabu zote mbili kabla ya kuikataa.

Nikitaja mraba, jambo moja zaidi. Iwapo mwokaji anatoza kwa ukubwa wa mkebe na si kwa uzito, chagua mraba. Mkebe wa mviringo wa inchi 12 una eneo la inchi 113 hivi za mraba. Wa mraba una 144. Pia mraba hukatwa kwa mistari iliyonyooka bila pembe za ajabu zinazoishia kwenye midomo ya wakataji.

Pale ambapo rahisi huwa ghali

Sitaki msomaji afikiri kila kitu kilienda sawa. Tulikosea kwenye usafiri. Ili kuokoa pesa za gari la mwokaji, tuliibeba keki ya orofa tatu ikiwa imeshapangwa, nyuma ya pikapu, kwenye barabara ya changarawe. Tulipofika, orofa ya juu ilikuwa imelalia ubavu na maua ya aisingi yamebaki kwenye katoni. Mama mwokaji, ambaye kwa bahati alikuwa amealikwa, alitumia nusu saa kuirekebisha kwa kisu na maua halisi kutoka bustanini. Ingekuwa ndiyo keki pekee tuliyokuwa nayo, sijui tungesema nini. Keki ya orofa husafirishwa ikiwa vipande, kila kimoja kwenye katoni yake, na hupangwa ukumbini. Mpangaji alipwe nauli. Hiyo si pesa ya kubana.

Joto pia ni adui. Ndani ya hema la turubai saa nane mchana, aisingi ya siagi huyeyuka na krimu ya maziwa huharibika haraka kiasi cha kuwaumiza watu matumbo. Kama hakuna jokofu karibu, kataa krimu kabisa. Nyuki nao hupenda sukari, kwa hivyo chandarua chepesi juu ya meza kinafaa hadi wakati wa kukata.

Halafu kuna suala la nani anashika ufunguo. Keki za trei hupotea jikoni kwa njia ambazo hakuna mwanakamati anayeweza kueleza. Sisi tulimkabidhi shangazi mmoja chumba, kisu na hesabu: trei 10, kila trei vipande 50, basi. Hakuna mpishi, dereva wala mpiga picha aliyepewa 'kidogo cha kuonja' kabla ya wageni. Wengine walinuna. Lakini wageni walizidi 600 kama kawaida ya harusi za kwetu, na shangazi alipoona foleni ni ndefu alipunguza upana wa vipande vya trei mbili za mwisho. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu, angalau hakuna aliyenilalamikia, na kwa mweka hazina hilo ni jambo la kushukuru.

Keki za kukabidhi ndizo zilizoleta maneno. Mjomba mmoja wa bwana harusi alitarajia ya kwake, akaona zimekwisha kwa wazazi, mabibi na mchungaji. Ukizipunguza, kama tulivyofanya, wajulishe wahusika mapema kupitia kwa wazee. Msimamizi wa keki asiachwe aamue mbele ya kipaza sauti.

Si lazima keki iwe ndiyo kitovu cha harusi. Pwani, halua na kahawa tungu zimetosheleza umati tangu zamani. Jamii ya Wachaga wa Kilimanjaro huleta ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, na maharusi humkata mbele ya wageni kama wengine wanavyokata keki. Kwa mfugaji wa mbuzi hiyo ni hesabu nyepesi zaidi. Kwetu tulijaribu kupendekeza kitu kama hicho na bibi harusi akatutazama tu. Tukaendelea na keki.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hesabu hii inasomeka pia kutoka upande wa pili. Mama yule hakupoteza kwa kutuuzia kilo 20 kwa Sh1,000. Trei hazikumtaka kukesha akichonga maua, na hazikuhitaji nguzo wala chemchemi. Mwokaji anayeweka bei mbili wazi, ya keki ya mapambo na ya keki ya trei, huwapata wateja ambao wangekwenda kununua mkate wa dukani. Na anayekodisha nguzo na visu hupata kipato hata wiki ambayo hajaoka.

Mkiafikiana, andikeni hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: kilo ngapi na za aina gani, ladha, siku na saa ya kufikisha, amana iliyolipwa, na lini salio litalipwa. Tulilipa nusu mwezi mmoja kabla, jambo lililomwezesha kununua sukari kwa jumla, na nusu keki zilipowasili. Andikeni pia vifaa vya kurudisha. Amana ya nguzo ilikuwa Sh3,000 na tulirudishiwa Sh2,500, kwa sababu nguzo moja haijulikani iliko hadi leo.

Mtamba hakuuzwa. Alizaa ndama jike siku tisa baada ya harusi.